Unga Uliosimama Jumapili

Abdalah alikuwa mtu wa masihara hata usingizini. Watu wa Mbekenyera walikuwa wanasema ukimkuta analia, kwanza mwangalie mikononi kama hajashika kitunguu. Alikuwa Myao wa Tunduru aliyekuja kuoa kwa Wamwera, na kwa kuwa Wayao na Wamwera ni watani, alikichukua kibali hicho cha utani akakitumia peke yake mpaka kikachakaa. Mama mkwe wake alipofariki, Abdalah aliruka kaburini kabla ya maiti, akajilaza chali, akasema, "Hapa pananitosha mimi, mama mtafutieni pengine." Wakambembeleza, wakampa kuku, ndipo akatoka. Waliokuwa wanalia wakacheka, kisha wakalia vizuri zaidi. Ndivyo mtani anavyotakiwa afanye msibani. Ila yeye alikuwa hajui kuacha. Shemeji yake Swalehe aliwahi kupiga chafya kutwa nzima kwa sababu ya pilipili iliyoingia kwenye kikopo chake cha ugoro, na Abdalah akaapa mbele ya watu kwamba hajui lolote, huku vidole vyake vyenyewe vikimwasha.

Lakini mwaka ule wa arobaini na tisa Abdalah alikuwa hana la kuchekea. Binti yake Mwamini, mtoto wa pekee, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika umri wa kuringa, alichomwa na mwiba chini ya goti la kushoto. Kidonda kikaota, kikafunga, kikafumuka tena, kikaingia mfupani. Ilifika mahali ukiingia nyumbani kwa Abdalah unasikia harufu kabla hujasema hodi. Dresa mmoja, mganga msaidizi aliyekuwa anapita vijijini akifunga vidonda, aliuangalia ule mguu, akauminya kidogo, akanawa mikono mara mbili.

"Mpelekeni hospitali ya misheni wakaukate," alisema. "Na msikae mkajadili. Ukishapanda juu ya goti, hakuna wa kuwasaidia."

Abdalah angempakia mtoto mgongoni saa ileile. Lakini mtoto si wa baba. Kwa Wamwera, na kwa Wayao vilevile, mtoto ni wa mjomba. Baba ni mgeni aliyekaa sana. Abdalah mwenyewe alilijua hilo vizuri, maana kwao Tunduru alikuwa na wapwa zake ambao baba zao hawawezi hata kuwatahirisha mpaka yeye aseme. Kwa hiyo akaenda kwa Swalehe, kaka mkubwa wa mkewe Sabaha, akavua kofia, akaeleza.

Hakuwa mtu mbaya Swalehe. Alikuwa mtu mwoga, na woga wake alikuwa ameuvalisha kanzu ya utaratibu.

"Shemeji," alisema, "tuseme nimekubali, na mtoto akafia kwenye kisu cha Wazungu. Nani ataulizwa? Wewe? Wewe utakunja mkeka wako urudi Tunduru. Nitaulizwa mimi. Na akipona akawa na mguu mmoja, siku ya kufa tutamzika nusu, nusu nyingine iko wapi? Nitaulizwa mimi."

"Sasa unasemaje, shemeji?"

"Sisemi. Watasema wazee wetu wenyewe, waliolala. Tutapita mahameni kwa Bibi Mwanahawa, si ndiyo njia hiyohiyo ya kwenda misheni? Tutaweka unga. Ukisimama, tunaendelea mbele. Ukianguka, tunarudi na mtoto wetu."

Basi wakaondoka. Mwamini alilazwa kwenye machela, shuka nene lililofungwa kwenye mti mrefu. Abdalah akabeba mbele, na nyuma akabeba Saburi, mdogo wao kina Swalehe na Sabaha, kijana wa miraba minne ambaye hujawahi kumsikia akimbishia kaka yake. Swalehe alitangulia na fimbo. Sabaha alikuja nyuma na chungu kichwani, ndani yake unga wa mtama alioutwanga na kuuchekecha mwenyewe.

"Baba, mbele kuna nini?" Mwamini aliuliza kutoka ndani ya shuka.

"Makalio ya mjomba wako tu, mama. Yamefunika nchi nzima."

Mtoto akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

"Nasikia," alisema Swalehe bila kugeuka.

"Yameanza na kusikia," alisema Abdalah, na Mwamini akacheka tena. Hiyo ndiyo dawa pekee ambayo baba yake alikuwa nayo, na alikuwa anaitoa bila kupima.

Walifika mahameni siku ya Ijumaa, jua limeshaanza kulegea. Pale ndipo ukoo ulipokaa zamani, kabla njaa ya baada ya vita vya Mjerumani na Mwingereza haijawahamisha kwenda Mbekenyera. Nyumba ilikuwa ya Bibi Mwanahawa, bibi mzaa bibi yao. Wakati wa Maji Maji alificha watu pale, wanawake kwa watoto, chini ya ghala lake la mtama. Askari walipowakosa, wakaichoma nyumba. Makuti yakaenda, fito zikaenda, udongo ukapasuka, lakini nguzo za mpingo zikagoma kuungua. Bibi akajenga tena juu ya nguzo zilezile. Hata baada ya kuhamwa, mtu yeyote anayepita kutoka Ruangwa kwenda Nachingwea alikuwa akifika pale anavua kofia na kupunguza sauti.

Sasa zilibaki nguzo zenyewe, mbili za mlango na nyingine za pembeni, nyeusi, zimesimama kwenye majani makavu bila ukuta wala paa. Nyuma yake kulikuwa na ule mti wa msolo ambao ukoo ulikuwa unatambikia. Na katikati ya nyumba, pale penye chumba cha kulala, mtu alikuwa amepigilia kigingi kipya chenye kitambaa chekundu. Kigingi kingine kilikuwa uani. Kingine karibu na msolo. Vilikwenda hivyo kwa mstari mpaka macho yanapochoka, na mbele kule, nyuma ya pori lililobaki, kulikuwa na ngurumo isiyopumua. Yalikuwa makatapila ya watu wa karanga, wale Wazungu waliokuja kufyeka pori walime karanga, yanavuta mnyororo mnene kama paja, mawili mawili, na kila kilichokuwa kati yao kinalala.

Saburi alitaka kuingiza machela kwa pembeni.

"Wee!" Swalehe alipiga kelele. "Unapita ukutani?"

Saburi akasimama. Ukuta haukuwepo, kulikuwa na majani tu.

"Shemeji," alisema Abdalah, "ukuta wenyewe umeshahama zamani. Tupite tu, mtoto amechoka."

"Kwa Bibi watu wanaingia mlangoni."

Wakazunguka mpaka penye nguzo mbili za mlango. Bibi Mwanahawa alijenga mlango mwembamba, mtu aingie mmoja mmoja, kwa ajili ya zile siku za vita. Wakainamisha machela, wakaiinua, wakaipinda. Mguu wa Mwamini ukagonga mpingo. Sauti aliyoitoa iliwafanya wote wasitazamane. Kisha wakawa ndani, kwenye pori lilelile walilotoka.

Na hapo Swalehe akabadilika. Akawa kama mtoto aliyerudi kutoka kuchunga. "Hapa baraza. Hapa alikuwa anakaa Bibi anachambua mboga, ukipita bila kumwamkia anakuvuta sikio. Hapa mafiga. Sabaha, njoo uone mafiga! Wewe ulikuwa hujazaliwa." Sabaha akainama, akayashika yale mawe matatu moja moja, akapaka jivu la zamani, au udongo tu, kwenye paji la uso la binti yake. "Hapa mimi nilizaliwa," Swalehe alisema, akafika kwenye kile kigingi chenye kitambaa chekundu, akakizunguka kama unavyomzunguka mgeni aliyekaa kwenye kiti chako. Hakukigusa.

"Kingʼoe," alisema Abdalah.

"Si changu."

"Lakini chumba ni chako."

Swalehe akakizunguka tena.

Jioni ile wakaweka unga. Swalehe alisoma Fatiha kwanza, kisha akachuchumaa chini ya msolo, akaachia unga kidogo kidogo kutoka kwenye ngumi, huku akiwataja wazee mmoja mmoja, na Bibi Mwanahawa wa mwisho. Unga ukajipanda wenyewe, ukawa kama kichuguu chenye ncha kali. Akaufunika kwa chungu. Utaratibu ni huo: unalala pale hadi alfajiri. Ukiukuta na ncha yake, wazee wamekubali. Ukiukuta umebomoka, wamekataa, na hapo hakuna rufaa.

Jumamosi kulikuwa bado na kiza cha alfajiri pale ngurumo ilipoamka. Moja, kisha nyingine, kisha nyingi. Abdalah alikuwa amelala ubavu na aliisikia ikiingia kwa kupitia nyongani, si sikioni. Ardhi ilikuwa inatetemeka kama ngozi ya ngʼombe anayefukuza nzi. Walipofika chini ya msolo, Swalehe akainua chungu. Ncha haipo. Unga ulikuwa umetambaa pande zote, kama ugali uliomwagwa na mtu mwenye hasira.

Sabaha akakaa chini palepale.

"Shemeji, subiri," alisema Abdalah. "Weka kiganja chini. Weka. Unasikia? Hizo ni mashine. Hata mimi meno yananigongana. Unga utasimamaje?"

Swalehe aliweka kiganja. Alisikia, hilo lilionekana usoni.

"Na mashine zimefikaje hapa?" aliuliza taratibu. "Wazee wangekuwa radhi na sisi, zingefika kwenye nyumba yao?"

Na Abdalah akikosa jibu huwa anafanya kitu kimoja tu.

"Basi shemeji nipeni mimi huo unga," alisema. "Nitie maji kidogo, niufinyange kidogo, mtakuta asubuhi umesimama kama mnara wa msikiti. Bibi mwenyewe atatoka kuuliza nani fundi."

Saburi aliguna kicheko akakimeza. Mwamini kule kwenye machela alicheka wazi. Swalehe hakucheka, ila alisema, "Tutaweka tena leo. Huenda nilimsahau mtu kwenye majina." Abdalah alishukuru moyoni, akajua kwamba hata shemeji yake alikuwa anatafuta pa kupenya.

Kutwa ile mguu ulivimba mpaka ngozi ikangʼaa. Mwamini alianza kuongea maneno yasiyokuwa na mwenyewe. Jioni wakaweka unga mwingine, majina yote yakatajwa, hata ya watoto waliokufa wachanga.

Asubuhi ya Jumapili Abdalah aliamshwa na kitu ambacho hakukijua mara moja ni nini. Kilikuwa kimya. Ndege walikuwa wanasikika. Akakumbuka kwamba Wazungu hawafanyi kazi siku hiyo, akaamka na kibuyu chake cha maji kwenda kutawadha. Alipita karibu na msolo. Alisimama akakitazama kile chungu. Hebu tuseme ukweli: wazo la kuulowesha ule unga lilimjia. Mtu mwenye kibuyu cha maji mkononi, peke yake, na mtoto anayeoza. Lakini kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Abdalah aliogopa kufanya mchezo. Aliwaza, je, nikikigusa na kumbe wazee wapo kweli? Akarudi nyuma hatua kwa hatua, akaenda akatawadha kwenye majani, akaswali, akaomba kwa maneno ambayo hayakuwa na mzaha hata chembe.

Swalehe alipoinua chungu, unga ulikuwa umesimama. Ncha yake ilikuwa kali kuliko walivyouacha.

Saburi alipiga mapaja. Sabaha akatoa kigelegele kimoja, akakikatiza katikati kwa kulia. "Mwamini! Mwamini mama, wamekubali!" Abdalah alitaka kusema kitu na hakuweza, na pengine kule kukosa maneno ndiko kulikomponza, maana haikuwa kawaida yake.

Swalehe aliinua macho kutoka kwenye unga, yakafuata nyayo. Nyayo zilikuja mpaka karibu na msolo, zikasimama, zikarudi kinyumenyume. Macho yakafuata nyayo mpaka kwenye miguu ya Abdalah, yakapanda mpaka mkononi.

"Hicho kibuyu cha nini?"

"Cha kutawadha, shemeji."

"Umetawadhia msoloni?"

"Kule, kwenye majani. Njoo nikuoneshe palipolowa."

"Nyayo hizi za nani?"

"Zangu. Nilisimama nikaangalia tu. Sikugusa. Shemeji, gusa unga wenyewe, ni mkavu! Gusa!"

Swalehe aligusa kwa kidole kimoja. Unga ulikuwa mkavu. Akajipangusa kidole kwenye kanzu.

"Mtani ana njia nyingi," alisema.

"Wallahi sikugusa!"

"Wallahi ya kwenye ugoro au nyingine?"

Kama Swalehe angepiga kelele, Abdalah angeweza kupambana naye. Lakini alisema kwa huzuni, kama mtu aliyeoneshwa chakula kikaondolewa. Abdalah akamgeukia mkewe.

"Sabaha. Waambie."

Sabaha alimtazama. Alikuwa bado ana machozi ya furaha mashavuni, hayajapata nafasi ya kukauka.

"Baba Mwamini," aliuliza kwa sauti ya chini, "ulitia maji?"

"Na wewe!"

"Niambie mimi tu. Kama ulitia, sitakasirika. Nitasema umefanya vizuri. Lakini niambie, nijue kama wamekubali kweli au ni wewe."

"Ni wao! Si mimi. Safari hii si mimi!"

Sabaha akatikisa kichwa polepole, akaenda kukaa na mtoto.

Swalehe akatoa uamuzi. Jioni utawekwa unga wa mwisho, na Abdalah asilale pale. Akalale popote atakapopata, arudi jua likichomoza. Abdalah akahesabu haraka kichwani: jioni ya Jumapili, alfajiri ya Jumatatu. Mashine zitawashwa.

"Shemeji, tuondoke leo," alisema. Alipiga magoti, jambo ambalo hajawahi kulifanya bila kuwa anaigiza. "Nipige faini. Niite mwongo maisha yangu yote. Nimwache dada yako ukitaka. Twende leo."

"Inuka, shemeji," alisema Swalehe. "Sijui hata kama hapo unanichezea au vipi."

Abdalah akafuata mstari wa vigingi mpaka kwenye kambi ya watu wa karanga. Walikuwa wamefua, nguo zimeanikwa juu ya makatapila, soksi zinaningʼinia kwenye vyuma vinavyongʼoa mibuyu. Alimkuta dereva mmoja anaitwa Severini, Mkristo wa kule Nambilanje, ametoka kusali na shati lake jeupe, anakula muhogo. Akamweleza yote. Severini aliacha kutafuna.

"Hapo penye nguzo nyeusi?" aliuliza. "Kaka, hapo tunafika wiki hii. Kesho au keshokutwa."

"Hilo najua. Mimi naomba asubuhi moja tu. Msiwashe mpaka jua litoke. Shemeji yangu akishainua chungu, washeni, angusheni, fanyeni mnavyotaka."

"Mimi naweza kuchelewa," alisema Severini. "Nitasema injini imegoma. Zinagoma kila siku, hakuna atakayeshangaa. Lakini kaka, angalia." Akanyoosha muhogo kuonesha mashine zilivyopangwa, mstari mzima mpaka kwenye mahema ya Wazungu. "Mimi nina moja."

"Ongea na wenzako."

"Nitaongea na ninaowajua. Wengine wametoka mbali, hata lugha hatuelewani vizuri. Na Mzungu wa zamu ndiye anayepita na tochi anahakikisha zinapasha moto mapema."

"Niende nikamwambie yeye?"

"Utamwambia nini? Kwamba unga unaanguka?"

Abdalah alicheka. Hakukusudia, kilimtoka tu. Severini naye akacheka, kisha akamkatia nusu ya muhogo.

Alfajiri ya Jumatatu Severini alipanda kwenye katapila lake, akaweka mikono kwapani, akatulia. Alikuwa mtu wa neno lake. Wa pembeni yake naye akatulia, na mwingine baada yake akajifanya anatafuta spana. Abdalah alisimama chini, anawaangalia kama mtu anayeangalia maziwa yasichemke. Halafu kule mwisho wa mstari moja ikakohoa ikanguruma. Ikafuata nyingine. Abdalah akakimbia. Alifika kwenye ya kwanza akapunga mikono, akaweka viganja shavuni kuonesha kulala, akaunganisha mikono kuomba, akapiga magoti, akaonesha kidogo kwa vidole, kidogo tu! Dereva aliyekuwa juu hakusikia neno kwa ngurumo. Aliona mtu mwembamba anarukaruka kwenye mwanga wa taa. Akacheka, akamwita mwenzake aone. Mwenzake akapiga makofi. Kadiri Abdalah alivyozidi kusihi ndivyo walivyozidi kufurahi, mpaka mmoja akamrushia kipande cha mkate.

Akakimbilia mahameni. Alipofika, amejaa miiba miguuni, Swalehe alikuwa ameshachuchumaa na mikono yake iko kwenye chungu. Abdalah hakuuliza ruhusa. Alijitupa kifudifudi, akatandaza viganja na mikono yote kuuzunguka msolo, akaibana ardhi chini kwa kifua, kwa kidevu, kwa uzito wake wote, kama unavyomshika mbuzi anayetaka kuamka. Ardhi ikaendelea kutetemeka, na yeye akatetemeka nayo.

Swalehe akainua chungu. Ncha ilikuwepo. Wote waliiona. Saburi mpaka anazeeka alikuwa anasema aliiona. Kisha ikazama taratibu katikati, unga ukafunguka, ukamwagikia kwenye vidole vya Abdalah.

Swalehe alikaa vilevile amechuchumaa, machozi yanaingia kwenye ndevu.

"Nilitaka usimame," alisema. "Shemeji, mimi nilitaka usimame."

"Ulisimama jana!"

"Jana nilikuona wewe."

Wakatoka mlangoni, machela imeinamishwa tena, safari hii Mwamini hakupiga kelele hata mguu ulipogusa nguzo, na hilo lilimtisha baba yake kuliko kelele. Nyuma yao mnyororo ulikuwa umeshaanza kulaza miti ya upande wa pili wa uwanda.

Njia ilitoka porini ikafika kwenye panda. Kushoto kulikuwa na barabara mpya ya malori, inayopita Nachingwea kuelekea misheni. Kulia kulikuwa na njia ya miguu ya kurudi Mbekenyera. Swalehe akapita kulia bila kusimama. Sabaha akamfuata, chungu kitupu kichwani.

Abdalah akakata kushoto.

Mti wa machela ukamvuta bega. Akageuka. Saburi alikuwa amesimama katikati ya panda, kichwa chini, mwisho wake wa mti uko begani, miguu yake mikubwa haisogei.

"Saburi. Njoo, mdogo wangu."

"Kaka ameshapita huku, shemeji."

"Mimi nimepita huku. Njoo tu. Sema nilikuvuta. Sema nimekuloga, mimi Myao, wataamini."

Saburi akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye shuka la machela. Abdalah akavuta. Saburi hakuvuta wala hakufuata, alisimama tu kama nguzo. Abdalah akashusha mwisho wake chini, Saburi akashusha wake, na Abdalah akajaribu kumbeba mtoto mgongoni. Kumbe Mwamini alikuwa hawezi tena kujishika. Mikono yake iliteleza shingoni kwa baba yake, na mguu ulipoanza kuningʼinia alizimia, akazinduka analia. Akamrudisha kwenye shuka. Akamwita mkewe.

"Sabaha! Shika huku nyuma! Tuko wawili, tunatosha!"

Sabaha alisimama kule njiani. Alimtazama kaka yake, aliyekuwa anaendelea kwenda. Alimtazama mumewe. Akashusha chungu kutoka kichwani, akakishika tumboni kwa mikono miwili, akabaki hivyo hivyo, haendi mbele wala harudi.

"Mama Mwamini!"

"Wamekataa mara mbili, baba Mwamini," alisema. "Na ile moja sijui ilikuwa ya nani. Niape mimi kwamba ilikuwa yao? Akifa kule, nitamwambia nani?"

Abdalah alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, alikuwa na ya kuchekesha hata pale, yalimjia yenyewe kama kawaida, na akayaona hayana kazi.

"Baba," Mwamini alisema kutoka chini. Macho yake yalikuwa wazi na safi kabisa. "Naona kiu."

Abdalah akatikisa kibuyu chake. Kilikuwa kikavu. Barabara ya malori ilikuwa imenyooka kwenye uwazi mtupu, miti yake yote imelazwa, vumbi tu hadi mbali. Upande wa Mbekenyera, kabla ya kilima, kulikuwa na kisima walichonywea maji wakati wa kuja.

"Sasa hivi, mama," alisema.

Akainama akaushika mwisho wake wa mti. Saburi akaushika wa kwake. Wakainua pamoja, wakapita kulia.